Kitambaa Tumboni mwa Anaeli

Jumatano, mwezi wa sita. Ukungu tangu asubuhi, mlima haujaonekana hata kidogo, na kuni ni mbichi kiasi kwamba moshi umejaa nyumba nzima.

Mtoto wangu amepona, na mimi nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mwanamke mwingine angepiga magoti akashukuru. Anaeli leo amelala mchana kama mtu mwenye akili zake. Amenyonya, ametoa mbweu, amenikodolea macho, amelala tena. Ile saa yake ya kulia imepita kimya, kama inavyopita kimya tangu wiki iliyopita. Ndicho nilichokuwa nakiomba. Sasa kimekuja, na kila anayeingia mlangoni anajua kimetoka wapi. Wanajua wote kuliko mimi niliyemzaa.

Nisipoandika nitapasuka.

Anaeli alizaliwa masika yalipoanza. Mwanzoni alikuwa mtoto wa kusifiwa, nami nikajiona fundi wa kulea. Halafu ikaja hiyo saa. Kuku wakianza tu kurudi bandani, anakunja miguu mpaka tumboni, anafunga ngumi, uso unavimba, kisha anapiga kelele mpaka sauti inakatika. Unambeba, analia. Unamlaza, analia. Unamnyonyesha, ananyonya kidogo, anaachia ziwa kama limemuunguza, analia. Baadaye, watu wote wakishachoka, ananyamaza ghafla kama si yeye. Asubuhi anacheka.

Wenye elimu wanaita msokoto wa tumbo. Wengine wanaita mchango. Mimi sikuwa na nafasi ya kutafuta jina.

Na kwetu huku mzazi hatoki. Miezi mitatu unakaa ndani, unapikiwa mtori wa ndizi na nyama, unanyweshwa maziwa, unanenepa, na mama mkwe ndiye mwenye kushika kila kitu. Kunenepa kwangu ni sifa yake. Siku nitakayotoka kwenda kanisani, watu watatazama mashavu yangu na kumpima yeye. Sasa mimi namaliza bakuli zima la mtori na bado nakonda, maana hakuna anayenenepa na kilio masikioni. Mama mkwe akawa ananitazama kama mbuzi wa sikukuu aliyekataa majani.

Mzazi hatoki, lakini jamani, kila mtu anaingia! Mmoja alileta maziwa, akaketi, akasema ni maharage ninayokula. Mama mkwe akaondoa maharage. Wa pili akasema ni kabichi. Kabichi ikaondoka. Wa tatu akasema nakunywa maji ya baridi kisirisiri, eti ameona kwenye midomo yangu. Wa nne hakusema kitu, alitikisa kichwa tu, akaondoka akituachia wasiwasi. Mwishowe nilikuwa naruhusiwa mtori, uji na hewa.

Anaeli akalia vile vile.

Mama mkwe alimpaka samli tumboni. Akachemsha mizizi aliyoichimba mwenyewe, akamlambisha kwa ncha ya kidole, na akigeuka tu mimi namfuta mtoto mdomo. Akapasha kitambaa juu ya kifuniko cha chungu, akajipima nacho shavuni kwanza, halafu akamwekea tumboni. Hicho kitambaa kilimtuliza kidogo, nakiri. Lakini kidogo ni kidogo.

Ndipo mume wangu akaingia kazini. Baba Anaeli ni mwalimu katika shule ya misheni hapo chini, na hakuna kitu anachokipenda duniani kama ratiba. Akaenda kumuuliza sista Mzungu wa misheni. Sista akamwambia mtoto anaharibiwa kwa kunyonyeshwa ovyo; anyonye kwa saa maalumu, na katikati alazwe, aachwe. Mume wangu akarudi amefurahi kama aliyepandishwa cheo. Saa ya ukutani hatuna, kwa hiyo akaamua kwamba nitanyonyesha kwa kengele ya shule.

Kwa kengele ya shule. Mtoto mchanga, na darasa la tatu.

Nilijaribu, Mungu ananiona. Kengele ya kuingia, ziwa. Kengele ya mapumziko, bado. Kengele ya kutoka, ziwa. Halafu siku moja akaja Mwingereza wa kukagua shule. Watoto wakasimamishwa kumwimbia chini ya picha ya Mfalme, masomo yakapitiliza, na kengele haikulia. Mimi niko kitandani, maziwa yananichuruzika mpaka kiunoni, mtoto anapasuka kwa njaa, na ninasubiri kengele! Mama mkwe alikuja akasimama mlangoni, akanitazama, akauliza kama huko shuleni nilikosoma ndiko walikonifundisha ujinga huu. Nilimpa mtoto ziwa. Mambo ya kengele yakaishia hapo.

Baba Anaeli hakukata tamaa. Alipanda lori la kahawa mpaka Arusha mjini, akarudi na kichupa kutoka duka la Mhindi. Kina picha ya mtoto wa Kizungu mnene, anacheka, hajawahi kulia maishani mwake. Dawa yenyewe tamu, inanukia shamari. Mama mkwe alichovya kidole, akaonja, akasema hii ni pombe. Mume wangu akacheka, akasogea dirishani, akasoma yale maandishi madogo ya Kiingereza. Akayasoma tena. Kicheko kikaisha. Huyu ndiye mtu anayefundisha vijana wa kipaimara waache pombe. Akakificha kichupa nyuma ya vitabu na hajakitaja tena.

Nilimpa Anaeli mara moja. Sawa, mara mbili. Alibeua vizuri, akasinzia kidogo, akaamka, akaendelea pale alipoishia.

Baadaye akaletwa dresa wa dispensari ya huko barabarani, alipokuwa akipita kwenda kwao. Nilimngoja kama anayengoja mvua. Alikuja na kofia yake na mkoba wa serikali. Akamvua mtoto, akamminya tumbo taratibu, akamtazama macho na ulimi. Akauliza kama ana homa, kama anatapika kijani, kama kuna damu kwenye choo, kama anakataa kunyonya. Yote hapana. Akamnyanyua, akasema ameongezeka uzito vizuri. Nikautazama mkoba, nikisubiri aufungue.

"Mama, hakuna dawa," alisema. "Hana ugonjwa. Akifika miezi mitatu hivi ataacha mwenyewe. Mbebeni kwa zamu, na wewe ulale."

Akaniambia pia kwamba nikiona lolote katika yale aliyoyauliza, niwahi kwake bila kungoja kesho. Kisha akavaa kofia yake. Mkoba hakuufungua hata kidogo. Nilitamani kumrushia bakuli. Mtu wa serikali, mwenye viatu, anaitwa, anakaribishwa chai, na anachotuachia ni kwamba hakuna dawa! Hata Mama mkwe na ujuzi wake wote hajawahi kuniambia neno gumu kama hilo.

Mama mkwe yeye alicheka. Akasema kama serikali haina dawa, basi waitwe wenye dawa.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Maana aliyetumiwa salamu ni mzee mmoja wa Oldonyo Sambu, anayechanja watoto wenye mchango. Anakata chale ndogo kuzunguka kitovu, anasugua dawa nyeusi kutoka kwenye pembe, anafunga kitambaa. Wengi hapa kijijini wana alama hizo. Mume wangu anazo. Lakini mtoto wa shangazi yangu alichanjwa vile vile, kidonda kikaoza, na mimi nilikuwa msichana mkubwa, nilibeba maua tulipokwenda kumzika. Nilimwambia mume wangu. Akasema ataongea na mama yake. Akaongea naye habari za kahawa.

Siku ya mzee ilipofika, Baba Anaeli akakumbuka kwamba ana kazi nyingi sana shuleni.

Mzee alikuja mwenyewe kwa miguu, amevaa koti kuukuu la kijeshi juu ya shuka. Mtu mpole, mwenye adabu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza jina la mtoto na kumbariki. Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba sikupata hata sababu ya kumchukia. Akatandika kipande cha jani la mgomba, akaweka kiwembe chake juu. Nikamchukua Anaeli, nikamwingiza ndani ya blanketi langu, kifuani kabisa.

"Huyu hachanjwi," nilisema.

Sikupandisha sauti. Mama mkwe alinitazama, nami nikajiandaa kusikia ninayostahili kusikia, kuhusu mabibi harusi wa shule na midomo yao. Badala yake alimgeukia mzee, akamwambia mtoto leo ana joto, haifai, atamwita siku nyingine. Akampakulia chakula, akamfungia ndizi mbivu za njiani, akamsindikiza mpaka mferejini.

Aliporudi, wanawake walikuwa wamesimama nje ya ua. Walimwona mzee akiingia, wakamwona akitoka. Mama mkwe akafunga mlango. Akachana ukanda wa khanga kuukuu, akamchukua Anaeli mikononi mwangu, akamzungushia ule ukanda tumboni, akafunga fundo. Nikamuuliza hicho cha nini.

"Baba yake nilimchanja," alisema, mikono ikiendelea kufunga. "Akalia mpaka alipochoka mwenyewe. Lakini watu waliona nimefanya kitu."

Halafu akatoka nje, akawaambia mtoto amelala, wasipige kelele. Walipoingia baadaye, kitambaa kilisema yote.

Nilishukuru. Lazima niandike hivyo, maana ni kweli. Alinisitiri. Kama asingefunga kile kitambaa, leo kijiji kizima kingekuwa kinasema mke wa mwalimu anamtazama mwanawe akifa kwa sababu ya maringo ya Kizungu, na yeye mama mkwe amemshindwa. Nilishukuru, nikanyamaza. Jioni hiyo nilimweleza mume wangu, akacheka kwa furaha ya mtu aliyeepuka kesi, akasema basi tuache hivyo hivyo, nyumba ina amani.

Na wiki iliyopita Anaeli akaacha kulia. Miezi mitatu inakaribia, kama dresa alivyosema. Hakuna anayemkumbuka dresa. Wanaingia, wanatazama kile kitambaa, wanatikisa vichwa kwa heshima, wanasema yule mzee mkono wake una baraka. Mmoja aliniuliza dawa ilikuwa nyeusi tii au nyeusi ya majivu. Nikamwambia sikuangalia. Ona nilipofika! Mimi, niliyesoma mpaka nikapewa Biblia ya zawadi, naulizwa rangi ya dawa isiyokuwepo, na najibu.

Haya. Hayo yote ningeweza kuyavumilia. Ila leo mchana amekuja Nuruana.

Nuruana ni jirani yetu wa chini ya mfereji. Amejifungua mtoto wake wa kwanza mwezi uliopita tu. Yeye naye ni mzazi, yeye naye hatoki. Lakini alitoka. Alipita katikati ya kahawa ili asionekane, amejifunika blanketi kichwani, miguu imejaa tope, mtoto yuko ndani ya blanketi. Macho yake yalikuwa mekundu. Niliyajua macho yale, maana mpaka juzijuzi yalikuwa yangu.

Alimwamkia Mama mkwe aliyekuwa amekaa jikoni anamenya ndizi. Kisha akaniambia wa kwake ameanza, saa ile ile, miguu ile ile. Mama mkwe wake amemwita yule mzee wa Oldonyo Sambu, anakuja Ijumaa. Amekubali. Ila anaogopa, hajalala, na amekuja kuomba kitu kimoja tu.

"Nionyeshe alama zake," alisema. "Nione ni ndogo kiasi gani."

Mama mkwe alisema haraka kwamba kidonda hakifunguliwi ovyo, baridi itaingia. Hakuinua macho. Nikamsubiri. Nilimsubiri aseme jambo jingine, lolote, maana kitambaa alikifunga yeye, na heshima inayoning'inia pale ni yake. Kisu kiliendelea kumenya. Nuruana akaanza kusema basi, samahani, atarudi siku nyingine. Siku nyingine ipi, na mzee anakuja Ijumaa?

Nikamchukua Anaeli nikamlaza mapajani. Fundo lilikuwa gumu, nilitumia meno.

Tumbo lake likabaki wazi, la mviringo, laini, halina hata mkwaruzo. Yeye akafurahia hewa, akarusha miguu. Nuruana aliinama, akatazama, akagusa kwa kidole. Na unajua alichouliza? Aliuliza mzee amefuta alama kwa dawa gani. Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja.

Nikamwambia hakuguswa. Nikamwambia mzee alikula akaenda zake, na mtoto akaacha kulia mwenyewe, kwa kuwa umri wa kuacha umefika. Nuruana alimtazama Mama mkwe. Mama mkwe alitazama ndizi.

"Sasa mimi nifanye nini?" aliuliza Nuruana.

Na nilikuwa na nini mimi cha kumpa? Nilimuuliza kama mtoto ana homa, kama anatapika kijani, kama kuna damu. Yote hapana. Anaongezeka? Anaongezeka. Basi nikafungua mdomo na likatoka neno lile lile, kwamba hakuna dawa, angoje miezi. Akanitazama nilivyomtazama dresa. Kama angekuwa na bakuli mkononi ningelikwepa. Akajifunika blanketi lake, akaondoka bila kuaga.

Mama mkwe alimaliza kumenya. Akapika. Mtori wangu ukaja kama kawaida, ila bakuli liliwekwa chini kwa kishindo mpaka ukamwagika.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema.

Ni kweli. Yeye alinifunika, na mimi nikamfunua. Nilikula mtori wangu nikilia, na hasira zangu zilikuwa kwa kila mtu: kwa sista na saa zake, kwa Mhindi na kichupa chake, kwa dresa kwa kuwa alisema kweli na akaenda zake kula, kwa mume wangu ambaye alirudi, akanusa hali ya hewa, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Na zaidi kwangu mimi, niliyefurahia kile kitambaa mpaka kilipotaka kumkata mtoto wa mwenzangu.

Kisha kuku wakaanza kurudi bandani.

Wa kwetu kimya. Kutoka chini ya mfereji, katika ukungu, kikaanza kilio cha mtoto wa Nuruana. Kile kile. Kilipanda, kikakatika, kikapanda tena. Mama mkwe alikuwa anachochea moto. Alisikiliza. Akaendelea kuchochea. Akasikiliza tena. Halafu akasimama, akaokota ule ukanda wa khanga pale kitandani kwangu nilipoutupa, akaupasha juu ya kifuniko cha chungu, akajipima nao shavuni, akauweka kifuani ndani ya nguo usipoe. Akajitupia shuka, akatoka.

Nilikaa nikisikiliza. Baada ya muda kile kilio kikaanza kutembea. Kilikwenda mpaka mwisho wa ua wa kina Nuruana, kikarudi, kikaenda, kikarudi, polepole, kwa mwendo wa mtu mwenye goti bovu. Naujua mwendo ule, ni wa Mama mkwe. Miezi hii yote nimekuwa nikiusikia ndani ya nyumba hii, na nilikuwa nadhani ananikagua. Alikuwa anambeba mtoto ili mimi nilale.

Dawa ilikuwepo, basi. Nilikuwa napewa kila jioni na sikuijua.

Amerudi sasa hivi, nywele zimelowa ukungu. Ameketi, amenyoosha mguu, ameomba uji. Nimempa kwa mikono miwili. Amekunywa nusu.

Kisha amesema yule wa Nuruana ana mapafu kumshinda wetu. Amesema hakunyamaza, na hatanyamaza kesho. Nuruana lakini amelala, amelala kama gogo, na mama mkwe wake amelala pia pale pale kwenye kigoda. Amesema habari ya Ijumaa wataizungumza mama wakwe wawili wenyewe, na kwamba ameshamweleza mwenzake habari za tumbo la Baba Anaeli, zote, mpaka mwisho wake.

Nikamwambia asante, Mama. Alimaliza uji, akanirudishia kikombe, akasema akiutazama moto:

"Kesho ni zamu yako."

Kumbeba wa Nuruana ni lazima nitoke, na siku zangu za ndani hazijaisha, na yeye anajua kuliko mimi. Mashavu yangu bado yameingia ndani. Watu watayaona kabla ya wakati, watampima yeye kwa hayo, na yeye ndiye aliyesema nitoke.

Nimetafuta viatu vyangu. Vilikuwa chini ya kitanda, vimeota kuvu tangu masika. Nimevifuta, nimeviweka karibu na mlango.